Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: madaktari wa hospitalini wanavyofuatilia tafiti zinazobadilisha tiba

Ninafanya kazi wodi ya watoto katika hospitali moja hapa Tanga. Kila Jumatano asubuhi ninasimamia kikao cha kusoma tafiti pamoja na madaktari, matabibu, wauguzi, wakunga na mfamasia. Maswali yaliyo hapa nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine yameulizwa na wazazi wodini, mengine na madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo, mengine na ndugu zangu nyumbani wanaoniona nimeinamia simu saa tano usiku wakataka kujua nasoma nini. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo.

Daktari si ameshasoma chuoni? Anasoma nini tena?

Chuoni tunapewa msingi: mwili unavyofanya kazi, ugonjwa unavyouharibu, namna ya kumsikiliza na kumpima mgonjwa. Hayo hayachakai haraka. Kinachobadilika ni tiba. Nilipokuwa mwanafunzi, mtoto mwenye malaria kali alitundikiwa kwinini kwenye dripu, kila dozi ikishuka kwa saa nne, na muuguzi akilinda sukari ya damu isishuke. Leo dawa ya kwanza ni sindano ya artesunate, ambayo huingia kwa dakika chache. Daktari aliyefunga daftari siku ya mahafali angekuwa bado anatafuta kwinini.

Utafiti unaobadilisha tiba ni upi hasa?

Tafiti nyingi huongeza kidogo tu kwenye tunachokijua. Unaobadilisha tiba ni ule ambao, ukishausoma na kuuamini, kesho yake asubuhi huwezi kumtibu mgonjwa kama ulivyomtibu jana. Ni michache. Katika fani yangu, ikitokea miwili kwa mwaka ninaona ni mingi.

Nitaeleza mmoja kwa kirefu, kwa sababu sehemu yake ilifanyika jirani hapa, Hospitali Teule ya Muheza.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya haraka, na damu inayochelewa kurudi ukimbonyeza kucha, umsukumie maji ya chumvi kwenye mshipa, mengi na kwa haraka. Fundisho hilo lilitoka kwenye hospitali za nchi tajiri, zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Halikuwa limepimwa ipasavyo kwa watoto wa huku. Ndipo Profesa Kathryn Maitland na wenzake wakalipima, katika utafiti uitwao FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, waliopewa maji yenye albumini (protini ya damu) kwa haraka, na ambao hawakupewa maji ya haraka kabisa, bali matibabu mengine yote yaliyobaki na maji ya kawaida ya kuwatosheleza.

Kila mtu alitarajia kundi la tatu lifanye vibaya. Matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yalikuwa kinyume. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya maji ya haraka walikufa watoto 10 na nusu hivi katika kila 100. Katika kundi lisilopewa walikufa 7. Yaani kwa kila watoto 100, zaidi ya 3 walikufa ambao wasingekufa kama tungeacha kuwasukumia maji. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Kuna jambo katika matokeo hayo ambalo mpaka leo nikilisoma natulia kwanza. Watoto waliopewa maji ya haraka walionekana kupata nafuu mapema kuliko wenzao. Katika saa ya kwanza mikono ilipata joto na damu ikarudi haraka kwenye kucha. Daktari aliyesimama pale kitandani aliona maji yanafanya kazi. Vifo vilikuja baadaye, moyo na mzunguko wa damu ulipolegea. Hakuna jicho la daktari, hata awe bingwa wa miaka 30, lingeweza kugundua watoto 3 katika 100. Ilibidi wahesabiwe.

Wewe binafsi uliwahi kutibu kwa njia ya zamani baada ya utafiti huo kutoka?

Ndiyo. Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, hospitali nyingine, zaidi ya mwaka mmoja baada ya FEAST kuchapishwa. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, homa kali, vidole vya baridi. Nilifungua dripu mpaka mwisho na kuiminya chupa kwa mkono ili maji yashuke haraka, kama nilivyoonyeshwa na walionitangulia. Baada ya dakika 40 vidole vilipata joto. Nikamwambia mama yake, "Mama, anaendelea vizuri." Alfajiri alifariki.

Alikuwa na malaria kali na upungufu mkubwa wa damu, na pengine angefariki hata bila mkono wangu. Kwa mtoto mmoja huwezi kujua. Lakini makala ilikuwepo, bure, kwenye intaneti, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwa watoto wa Muheza. Mimi sikuwa nimeisoma, wala hakuna aliyekuwa ameileta kwenye kikao chetu cha asubuhi. Kikao cha Jumatano nilikianzisha kwa sababu hiyo.

Makala za kitabibu ni nyingi kiasi gani? Kuna anayeweza kuzisoma zote?

Hakuna. Hazina ya PubMed, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo, huongezewa makala zaidi ya milioni 1 kila mwaka. Hiyo ni karibu makala 2 kila dakika, usiku na mchana. Wakati unasoma aya hii nyingine imeingia.

Kwa hiyo kazi ya daktari ni kuchuja. Mimi nina vichujio vitatu. Cha kwanza ni huduma ya barua pepe ya Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, ambako makala hukaguliwa kwa ubora na kisha madaktari wa fani husika huzipa alama kwa umuhimu wake. Unajisajili bure, unachagua fani yako, na unaletewa chache tu. Cha pili ni tathmini jumuishi za Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti, zinazokusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima kwa pamoja, kwa kuwa utafiti mmoja unaweza kubahatisha lakini kumi zikisema neno lilelile ni vigumu kuzipinga. Cha tatu ni matangazo ya Shirika la Afya Duniani na Wizara ya Afya pale mwongozo unapobadilika. Kinachopita vichujio hivi vyote huwa ni makala mbili au tatu kwa mwezi, na hizo nazisoma kwelikweli.

Hospitali zetu zinamudu kulipia majarida? Nimesikia makala moja inaweza kuwa ghali sana.

Majarida mengi makubwa yana malipo, na ni ghali. Lakini kuna mlango ambao madaktari wengi wa mikoani hawaujui. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wana mpango unaoitwa Hinari, unaofungua maelfu ya majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo. Kinachosajiliwa ni taasisi, si mtu. Kama hospitali yako haijasajiliwa, mwone mkutubi wa chuo kilicho karibu au mganga mfawidhi. Ni kujaza fomu tu.

Pia tafiti nyingi zilizofanyika Afrika kwa fedha za umma huwekwa wazi kwa wote. Na ukishindwa kabisa, mwandikie mwandishi wa makala. Anuani yake ya barua pepe ipo ukurasa wa kwanza. Nimeandika mara nyingi na karibu wote hujibu, tena kwa furaha.

Kikwazo kikubwa siku hizi ni bando. Kwenye kikao chetu mtu mmoja hupakua makala nyumbani na kuwarushia wengine simu kwa simu, ili daktari wa zamu asilazimike kununua intaneti kwa pesa yake.

Mnaisomaje makala moja? Mnaanzia juu mpaka chini?

Hapana. Nitakuonyesha kwa makala halisi, ile iliyoondoa kwinini. Inaitwa AQUAMAT, ilitoka mwaka 2010, na Muheza ilikuwemo humo pia.

Kwanza natazama walioingizwa ni nani. Hapa ni watoto 5,425 wenye malaria kali, katika hospitali 11 za nchi 9 za Afrika. Najiuliza: hawa wanafanana na watoto wa kitanda namba moja mpaka ishirini wodini kwangu? Wanafanana, na wengine ni wajukuu wa majirani zetu.

Pili, waligawanywaje. Kama daktari ndiye aliyechagua nani apewe dawa mpya, naweka makala pembeni, kwa sababu bila kukusudia atawapa wale anaodhani watapona. Hapa ilikuwa kura.

Tatu, walihesabu nini. Kuna makala zinazoshangilia kwamba kipimo fulani cha damu kimeshuka, wakati mgonjwa mwenyewe hajaona tofauti. AQUAMAT walihesabu vifo. Kifo hakina ubishi.

Baada ya hapo ndipo naenda kwenye jedwali. Waliopewa artesunate walikufa 230, sawa na asilimia 8.5. Waliopewa kwinini walikufa 297, asilimia 10.9. Najaribu nisiende kwenye hitimisho la waandishi kabla sijafanya hesabu yangu kwa kalamu, maana hitimisho ndipo mwandishi anapoipamba kazi yake.

Mwisho natafuta nani alilipia, na nani hakuingizwa. Hili la pili hurukwa na wengi, na nitaeleza kwa nini ni hatari.

Magazeti husema "dawa mpya yapunguza vifo kwa asilimia 22." Maana yake ni nini?

Tuendelee na mfano huohuo. Kutoka 10.9 hadi 8.5 ni punguzo la asilimia 22.5 ukilinganisha kundi na kundi. Lakini ukitazama watoto wenyewe, ni tofauti ya watoto 2.4 katika kila 100. Yaani ukiwatibu watoto 42 hivi kwa artesunate badala ya kwinini, unaokoa mmoja wa ziada.

Namba zote mbili ni za kweli. Ile kubwa huvutia kwenye kichwa cha habari. Ile ndogo ndiyo inayonisaidia kupanga dawa. Na kwa ugonjwa unaoua watoto wengi namna hii, mmoja katika 42 ni wengi mno: jaza wodi mbili za watoto wa malaria kali, na mmoja anarudi nyumbani akiwa hai ambaye angezikwa.

Daktari au mwandishi akikupa asilimia ya punguzo, muulize: kutoka wangapi hadi wangapi, katika mia?

Kikao cha Jumatano huwaje?

Saa moja na nusu asubuhi, kabla ya raundi. Chai na maandazi vipo. Mmoja ameandaa makala, dakika kumi tu, bila projekta. Anaandika ubaoni vitu vinne: swali, watu, jibu, na "kesho tufanye nini." Hicho cha nne ndicho tunachobishania.

Nakumbuka siku kijana wa mafunzo kwa vitendo alipoleta FEAST. Aliisoma vizuri, akamaliza kwa kuandika: "Tuache maji ya haraka kwa watoto wote." Kimya kikapita. Halafu sista mmoja, muuguzi wa miaka mingi, akanyanyua mkono: "Dokta, na yule wa kitanda cha nne anayeharisha tangu juzi, macho yameshadidimia, naye tumwache?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko makala. Tulirudi kwenye ukurasa wa waliotengwa: watoto wenye kuharisha na kupungukiwa maji hawakuingizwa FEAST, wala wenye utapiamlo mkali. Matokeo yale hayawahusu. Mtoto wa kitanda cha nne alihitaji maji, na alipewa kwa mpango wa kuharisha. Kama tungeisoma makala juujuu tungemuua kwa kutumia utafiti mzuri. Tangu siku hiyo ubaoni tuna kitu cha tano: "haimhusu nani."

Ndiyo sababu nasisitiza wauguzi wakae kwenye kikao, na si kwa heshima tu. Wao ndio wanaojua nani yuko kitanda cha nne.

Utafiti ukishathibitisha, mbona hospitalini tiba hiyo haipo?

Wananchi huliuliza hili kwa uchungu, na wana haki. Safari ni ndefu. Matokeo huchapishwa. Shirika la Afya Duniani huyapima pamoja na mengine na kutoa pendekezo. Wizara hulitazama kwa mazingira yetu na kuliingiza kwenye Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, pamoja na orodha ya dawa muhimu. Dawa isipokuwa kwenye orodha hiyo, Bohari ya Dawa kwa kawaida haiagizi, na bima hailipi kirahisi. Kisha watu wafundishwe. Kila kituo hapo kina foleni yake.

Si jambo la leo. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio walioinuka, ndani ya siku sita. Jeshi la majini la Uingereza liliagiza maji ya malimau kwa mabaharia wake mwaka 1795. Miaka 48 kwa tunda ambalo Muheza linauzwa kando ya barabara kwa ndoo.

Lakini nataka niseme wazi: kuchelewa kwingine si kwa Wizara wala Bohari. Ni kwetu. Dawa ipo kabatini, mwongozo upo ukutani, na mkono wa mtu wa zamu ya usiku bado unafanya kama zamani. Hapo hakuna wa kulaumiwa nje ya wodi.

Kuna mfano wa tiba ambayo haikuhitaji dawa mpya?

Upo, na naupenda kuliko yote. Mama akijifungua, damu ikivuja kupita kiasi inaweza kumuua ndani ya muda mfupi. Hapa kwetu mama huja leba na kanga zake. Damu huingia kwenye kanga, nyingine kwenye shuka, nyingine sakafuni. Mkunga hukadiria kwa macho, na macho hukadiria pungufu.

Utafiti uitwao E-MOTIVE ulifanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusisha akina mama zaidi ya 200,000, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Waliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, ili damu ikusanyike na kusomeka kama maji kwenye jagi. Ikifika kiwango cha hatari, mambo yote yanafanyika kwa mkupuo: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, dawa ya kugandisha damu iitwayo tranexamic acid, maji ya mshipani, na kutafuta damu inatokea wapi. Zamani tulifanya moja, tukasubiri, tukafanya la pili.

Hospitali zilizofuata utaratibu huo ziligundua asilimia 93 ya waliokuwa wanavuja damu. Zilizoendelea kama kawaida ziligundua asilimia 51. Yaani huko karibu nusu ya akina mama waliovuja damu kupita kiasi walivuja mbele ya macho ya watu na hakuna aliyejua. Kuvuja lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu kulishuka kutoka akina mama 4.3 hadi 1.6 katika kila 100.

Dawa hizo zote zilikuwepo tayari. Hata tranexamic acid ilishapimwa kwa akina mama 20,060 katika utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, ambao ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu hasa ikitolewa ndani ya saa tatu. Kilichokosekana ni kipimo na mpangilio. Mkunga wetu mmoja aliposikia makala hii alisema tu, "Kwa hiyo kanga ndiyo iliyokuwa inatuficha."

Daktari anaruhusiwa kubadilisha tiba kabla mwongozo wa taifa haujabadilika?

Inategemea anabadilisha nini. Kuacha kitu kilichothibitishwa kuwa na madhara, huhitaji kusubiri chapa mpya. Zungumza na bingwa wako na mganga mfawidhi, mkubaliane, muandike. Lakini kuanza dawa mpya peke yako kwa sababu umeisoma jana usiku, hapana. Mwongozo ni makubaliano ya wengi, na mgonjwa akihamishiwa hospitali nyingine lazima wanaompokea waelewe anachopewa.

Kwenye WhatsApp nimetumiwa "utafiti mpya wa madaktari." Niamini?

Mwaka 2020 ulitufundisha pande zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Tarehe 22 Mei jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kukusanya takwimu za wagonjwa wa korona 96,000 kutoka hospitali 671 duniani, ikisema dawa ya hydroxychloroquine inaongeza vifo. Watafiti walianza kuhoji, pamoja na mengine, takwimu za Afrika: ni hospitali ngapi za bara hili zenye kumbukumbu za kompyuta za kina namna hiyo? Kampuni iliyotoa takwimu ilishindwa kuzionyesha. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Siku 13 tu. Tafiti nyingine zilizofanywa kwa kura zilikuja kuonyesha dawa hiyo haisaidii korona, lakini hilo haliisafishi makala ile.

Siku 12 baadaye, tarehe 16 Juni, watafiti wa RECOVERY nchini Uingereza walitangaza kwamba dexamethasone, dawa ya bei nafuu iliyopo kwenye kabati la kila hospitali hapa Tanga, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona walio kwenye mashine ya kupumulia, na inawasaidia pia walio kwenye oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Hiyo ilithibitika na ikabaki.

Kwa macho ya msomaji wa simu, habari hizo mbili zilifanana. Tofauti ilikuwa ndani: ile ya dexamethasone ilikuwa na wagonjwa waliogawanywa kwa kura na kumbukumbu zinazokaguliwa, ile ya hydroxychloroquine haikuwa nazo. Ujumbe uliotumiwa usio na jina la utafiti, jarida wala mwaka, usiutume mbele. Mpelekee daktari unayemfahamu, amuulize mwingine.

Akili mnemba je? Si unaiuliza tu inakujibu?

Vijana wetu wanaitumia, na inasaidia kutafuta na kufupisha. Lakini nimeshaletewa kikaoni "makala" yenye kichwa kizuri na majina ya waandishi, tukaitafuta PubMed, haipo. Sheria yetu: kitu ambacho hujakifungua mwenyewe kwenye chanzo chake hukileti ubaoni.

Na watu wa kampuni za dawa wanaokuja na vipeperushi?

Tunawasikiliza nje ya kikao. Kipeperushi huonyesha jedwali moja lililochaguliwa. Tunaomba makala nzima.

Daktari analazimishwa kisheria kujiendeleza?

Ndiyo. Baraza la Madaktari Tanganyika linadai ushahidi wa mafunzo endelevu wakati wa kuhuisha leseni. Ni jambo jema, ingawa alama za kuhudhuria semina hazionyeshi kama mkono umebadilika.

Tabibu wa zahanati ya mbali, Pangani au Kilindi, afanyeje?

Asijaribu kufuata makala. Awe na mwongozo wa taifa kwenye simu (mimi pia nimeupakua, hauhitaji bando kuufungua), na awe na mtu mmoja wa kumpigia hospitali ya wilaya au ya mkoa. Sisi wa hospitali kubwa ndio tunaopaswa kumpelekea mabadiliko, kwa lugha fupi, na sababu yake. Tukimrudishia mgonjwa wake na karatasi isiyoeleza kwa nini tumebadilisha dawa, tumeficha elimu.

Watoto wa kwetu ndio mnaowafanyia majaribio?

Swali hili huulizwa kwa hofu na nalijibu kwa uzito wake. Hakuna utafiti wa tiba unaoruhusiwa kuanza Tanzania bila kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mzazi anaelezwa, anauliza, anakubali au anakataa, na akikataa mtoto anatibiwa kama wengine. Anaweza pia kujitoa katikati. Kwenye kila utafiti mkubwa kuna jopo huru linalotazama takwimu njiani, na ndilo lililosema FEAST isimame.

Korogwe na Bagamoyo zilikuwa kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyopima chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459, kuanzia 2009. Matokeo ya mwisho yalitoka 2015, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, nayo ilipimwa Bagamoyo, ikapendekezwa 2023. Kina mama waliowabeba watoto wao kwenda kuchomwa na kupimwa damu mwezi baada ya mwezi wamechangia kitu kinachotumika leo na watoto wa nchi ambazo hawatazifika.

Tuna deni kwao, na linalipwa kwa kusoma walichokigundua. Makala ya Muheza kusomwa London na isisomwe Tanga ni aibu, na mimi nilikuwa sehemu ya aibu hiyo.

Mimi ni mzazi. Naweza kumuuliza daktari kama tiba anayotoa ni ya sasa? Hatakasirika?

Uliza. Msalimie, kisha sema: "Dokta, naomba unieleweshe, kwa nini dawa hii na si ile ya zamani?" Au, "Mbona mtoto wa jirani alitundikiwa dripu na huyu wangu hamjamtundikia?" Hili la pili naulizwa karibu kila wiki, kwa sababu kwa wengi wetu dripu ndiyo dalili kwamba mgonjwa anahudumiwa. Bibi mmoja kutoka Mabokweni alinishika mkono: "Mwanangu, mbona mnamwangalia tu?" Nikaketi kitandani, nikamweleza kwamba mjukuu wake anapata dawa ya malaria kwa sindano na tumeagiza damu, na kwamba maji mengi kwa mtoto wa namna yake yalishaonekana kudhuru, hapo Muheza tu. Akauliza, "Mlihesabu?" Nikamjibu ndiyo, bibi, watoto zaidi ya elfu tatu. Akaniachia mkono.

Naweza kuja kwenye kikao chenu?

Kama ni mhudumu wa afya wa hospitali, kituo au zahanati yoyote ya mkoa huu, karibu. Hatuchukui mahudhurio wala hatutoi posho. Njoo kabla ya saa moja na nusu, na kama una mgonjwa aliyekusumbua wiki hiyo, njoo na swali lake. Mara nyingi ndilo linalochagua makala ya Jumatano inayofuata.